Mtego uleule, panya wawili tofauti: kisa cha mzee wa Kilosa na mahindi yake

Kisa chenyewe ni cha mzee mmoja huko Kilosa, Morogoro, ana ekari tatu hivi za mahindi na kihenge cha miti nyuma ya nyumba. Mwaka huo vuli iliwahi kuanza na ikapiga kwelikweli, watu wakafurahi maana majani yalijaa kila kona, alafu masika ilipofika mwezi wa tatu mzee akapanda mbegu ya kununua, kwa mistari, kwa kamba kabisa, kitu safi. Wiki moja baadae anaenda kuangalia anakuta shamba limeota mabaka mabaka. Katikati miche ipo ipo, ila pembeni upande wa pori mistari mizima imekaa wazi, hamna kitu. Mzee akawaka, akasema ameuziwa mbegu feki na anaenda kugombana na mwenye duka.

Mke wake ndo akamzuia: "Baba watoto, kafukue kwanza uone hiyo mbegu imefanyaje, usije ukatuaibisha bure mjini."

Na hapo ndo penye utamu wa kisa hiki, kwasababu watu wengi wanaruka hii hatua. Mbegu mbovu utaikuta palepale ulipoifukia, imeoza au imevimba tu na haina mzizi. Iliyoliwa na wadudu wa udongoni utakuta ganda lipo, lina tundu, ndani tupu. Kunguru anang'oa mche ukishachomoza, utaukuta umelala juu ya udongo umenyauka, na kazi yake anaifanya mchana kweupe, kila mtu anamuona. Panya yeye anakuja usiku, anachimba kashimo kadogo palepale penye mbegu, anakula kile kiini anaacha vipande vya ganda, alafu anahamia shimo linalofuata na linalofuata, yani akishaushika mstari ameushika, na wewe uliyepanda kwa kamba ndo umemrahisishia safari. Mzee alikuta tushimo tumejipanga vizuri kabisa kufuata kamba yake. Mwenye duka akapona.

Sasa huyu ni panya gani? Huyu ni panya shamba, wataalamu wanamuita Mastomys natalensis, na kwa Tanzania ndo mharibifu namba moja wa mahindi miongoni mwa panya wote. Watafiti wa SUA, yani Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale pale Morogoro wamemfuatilia tangu miaka ya 1980 kwahiyo tabia zake zinajulikana vizuri. Jike ana chuchu nyingi kuliko kawaida ya panya, anaweza kufika 24, mimba inakaa siku 23 hivi, na mkupuo mmoja watoto 10 au zaidi ni jambo la kawaida tu. Uzazi wake unafuata mvua. Mwaka wa kawaida anaanza kuzaa masika ikishakolea, anaendelea mpaka kama mwezi wa 9, wanajaa sana kuanzia mwezi wa 10 mpaka 12, alafu wanapukutika mpaka masika nyingine. Lakini vuli ikiwahi na ikiwa kubwa, wale watoto wa msimu uliopita wanakomaa mapema na kuanza kuzaa kabla ya muda wao, na unapofika mwezi wa tatu unapopanda, badala ya kukuta panya wachache unakuta jeshi. Kwenye mlipuko wanaweza kupita 1,000 kwenye hekta moja. Kwahiyo ile vuli nzuri iliyofurahisha kijiji kizima ndo ilikuwa taarifa ya habari, ila hakuna aliyeisoma.

Mzee baada ya kujua adui ni panya akafanya kile ambacho karibu kila mtu anafanya, akatafuta sumu. Akapata zinki fosfaidi, ule unga wa kijivu cheusi unaonuka kama kitunguu saumu, akachanganya na pumba na mafuta kidogo akamwaga kwenye vifungu pembeni ya shamba. Asubuhi ya kwanza akaokota panya wengi waliokufa, akatamba. Usiku uliofuata wachache. Baada ya hapo chambo kinakaa vilevile hakiguswi, na mbegu alizorudishia kwenye mapengo zinaendelea kufukuliwa.

Hii sumu ina tabia moja ambayo muuzaji huwa hakuambii. Inafanya kazi haraka, ikifika tumboni inakutana na tindikali inatoa gesi ya fosfini, panya anakufa ndani ya masaa. Sasa yule aliyeonja kidogo tu hafi, anaumwa vibaya, na kwakuwa maumivu yamekuja muda mfupi baada ya kula anaunganisha moja kwa moja na kile chakula, hakigusi tena. Ndo maana wanaojua kuitumia wanaweka kwanza chambo kisicho na sumu siku kadhaa, panya wazoee na kushiba, alafu usiku mmoja ndo wanaweka chenye sumu. Zile sumu za kuzuia damu kuganda hazina shida hiyo maana panya anakufa baada ya siku kadhaa na hajui kilichomuua, ila zina balaa lingine, sumu inabaki kwenye mzoga, na bundi au paka akila panya wa hivyo na yeye anaingia kwenye foleni. Tukiwa hapo kwa bundi: kijijini akilia juu ya paa watu wanatoka na mawe, eti analeta msiba, wakati yule anakula panya kadhaa kila usiku bila kumlipa. Mimi huwa naona hii ndo hasara ya kijinga kuliko zote.

Kwa mzee wetu waliolipa gharama walikuwa kuku wa jirani. Pumba ni pumba, kuku hajui kama imelengwa panya. Wakafa, ikawa kesi mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee akalipa.

Hapo ndo anaingia kijana mmoja aliyehamia pale kutoka Mtwara. Ukienda Mtwara na Lindi panya wa shamba ni kitoweo, watu wanawala na wanawapenda, na matokeo yake ujuzi wa kutega kule uko mbali sana, mtoto mdogo tu anakutegea akakuzidi. Huyu kijana alikuwa anatega zake kimya kimya pembeni ya shamba la mzee, na siku aliposikia habari za sumu akaja na malalamiko yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

"Babu nimekuja kwa heshima zote. Ukimwaga sumu mimi siwezi kutega tena, maana nitajuaje huyu niliyemnasa amekula nini? Nipe wiki mbili bila sumu, nikutegee mimi, panya wangu, mahindi yako."

Mzee akacheka, ila kwakuwa ameshalipa kuku na sumu imegoma, akakubali.

Kijana alikuwa na mitego ya aina mbili. Wa kwanza ni wa mwanzi: unakata kipande cha mwanzi chenye upana wa panya kupita, upande mmoja umeziba, ndani unaweka mahindi ya kukaanga, kwenye mdomo unapitisha kitanzi cha uzi mgumu, na kitanzi kinafungwa kwenye fito mbichi iliyokunjwa inavuta juu. Fito inazuiwa na kauzi ka ndani kanakoziba njia ya chambo. Panya anaingia, anakuta kauzi, anakatafuna ili apite, kakikatika fito inafyatuka na kitanzi kinambana palepale. Ukiangalia vizuri ni akili kubwa sana, mtego unatumia meno ya panya mwenyewe kama kifyatulio, haujali kama ni mzito au mwepesi. Unatengenezwa na vitu vya porini, haukuli hela. Udhaifu wake ni mmoja tu, mtego mmoja panya mmoja, alafu lazima utege upya.

Wa pili ni wa ndoo na huu ndo ulibeba kazi. Ndoo ya lita 20 inafukiwa mpaka mdomo ulingane kabisa na usawa wa ardhi, maji kama robo ya ndoo, juu unapitisha waya uliochomekwa kwenye gunzi au kopo tupu linalozunguka kirahisi, gunzi limepakwa karanga za kupondwa. Panya anakanyaga gunzi, linazunguka, chini. Huyo amezama, mtego uko tayari kwa mwingine bila kuguswa, usiku mzima. Vitu vidogo ndo vinaharibu huu mtego: ukiacha mdomo wa ndoo umesimama juu ya udongo panya shamba hasumbuki kupanda, maji yakiwa machache anasimama kwa miguu ya nyuma na kuruka nje, na kwakuwa ni masika mvua ikinyesha ndoo inajaa mpaka juu na panya anaogelea kutoka, kwahiyo unatoboa vitundu ubavuni kwa juu kidogo ya usawa wa maji unaoutaka. Alafu utanasa na wasiohusika. Vyura kibao, na kirukanjia, yule mwenye pua ndefu ambaye watu wanamuita panya wakati chakula chake ni wadudu. Mchana funika ndoo na ubao, angalau unapunguza.

Matokeo yalikuwa mazuri kwa haraka. Panya shamba ana jambo moja linalomponza, haogopi vitu vipya. Weka kitu chochote kwenye njia yake usiku wa kwanza tu anaingia kukagua. Ndoo zikawa zinajaa kila asubuhi, kijana anacheka, mzee anahesabu. Baada ya siku chache idadi ikashuka vizuri. Mzee akarudishia mbegu mara ya pili.

Alafu baada ya wiki kadhaa ikapanda tena! Na hapa mzee alikuwa karibu kukata tamaa, akasema hawa panya wanazaliwa usiku mmoja. Wala. Ni kwamba panya mmoja eneo lake la kuzungukia ni dogo, mita kama 30 hivi. Ukiwanasa wote waliopo kwenye ekari zako umeacha nyumba tupu, na upande wa pili kuna shamba la jirani lililolazwa msimu wa pili sasa, majani yamefika kiunoni, kuna vijana wa panya kibao wanaotafuta sehemu. Wanahamia. Mitego ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, ila mzee alikuwa anatega panya wa kijiji kizima kwenye ekari tatu. Ndo maana kwa maoni yangu ukiniuliza mtego gani ni bora nitakuuliza kwanza majirani zako wangapi wanatega.

Suluhisho halikuwa la kitaalamu sana. Walimfuata mwenye lile shamba, akawaruhusu wafyeke ukanda wa hatua kama kumi kwenye mpaka, ukabaki udongo mtupu. Panya hapendi kuvuka sehemu iliyo wazi, huko juu bundi yupo, na wewe unapata sehemu moja ya kupanga ndoo kwenye mstari badala ya kuzitawanya shamba zima. Majirani wengine wawili na wao wakafukia ndoo zao usiku uleule, hili la usiku uleule ni la muhimu mno, maana mkitega kwa zamu mnahamishiana tu panya. Na wakaacha kutega miche ilipopita wiki mbili hivi, maana baada ya hapo mhindi umeshakuwa mgumu na mbegu chini imekwisha, panya hana cha maana cha kukufanyia mpaka baadae sana. Kumwaga jasho wakati huo ni kazi bure.

Haya, shambani pametulia. Sasa njoo nyumbani.

Mavuno yalipoingia kwenye kihenge, mzee akasema silaha ninazo, akaleta ndoo zilezile na mitego ya kubana ya ubao na springi. Akatega kwa karanga zilezile. Usiku wa kwanza hamna. Wa pili hamna. Wiki hamna, na viroba vinatobolewa, mikojo na mavi juu ya mahindi. Akaanza kusema kijana amemroga, au karanga zimeoza.

Ndugu, yule siye panya yuleyule. Wa ndani ni Rattus rattus, panya wa nyumba, mkubwa zaidi, mkia mrefu kuliko mwili, anaishi juu kwenye kenchi na boriti na anatembea kwenye kamba ya nguo bila wasiwasi. Na tabia yake ni kinyume kabisa na mwenzake wa shamba, kitu kipya kikitokea kwenye njia yake anakikwepa kwa siku nyingi. Yani ile ndoo inayong'aa katikati ya ghala kwake ni tangazo la hatari. Kuna watu wanatega, wanahamisha mtego kila siku wakitafuta sehemu nzuri, na kila wakihamisha wanakuwa wameweka kitu kipya upya. Hawatampata mpaka Yesu arudi.

Walichofanya: mitego ya kubana ikawekwa bila kutegwa kabisa, na chambo juu, ikaachwa siku tano sita panya wale bure wazoee. Chambo nacho kikabadilishwa. Karanga kwenye ghala lenye mahindi zilikuwa hazimsisimui, wakaweka dagaa na nazi ya kuchoma, kitu ambacho hana. Na mitego ikatolewa sakafuni ikafungwa juu ya boriti kwa kamba, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwasababu panya anatembea ndevu zake zinagusa ukuta na akitokea upande wowote anapita juu ya kibao cha kufyatulia. Kamba ni ya kuzuia mtego usiburutwe, panya aliyebanwa mguu anaweza kuondoka nao. Usiku wa kutega wakatega yote kwa mpigo, na ndo hapo walipopata wengi, usiku huo na uliofuata, baadae wakabaki wachache wajanja ambao mpaka leo wapo.

Lakini ghalani mimi sitegemei mtego, mtego ni wa kupunguza tu. Kinachomaliza ni kihenge chenyewe. Miguu ya kihenge cha mzee ilikuwa nusu mita, panya wa nyumba anairuka hiyo akiwa amesimama. Ilitakiwa ipande walau mita moja, na kila mguu uvishwe kofia ya bati iliyopanuka kwa chini, panya akipanda anagonga bati anateleza. Na hapo bado kosa la kawaida linabaki: mtu anavisha bati miguu yote vizuri alafu anaegemeza ngazi usiku, au tawi la mwembe limegusa paa. Kwa mzee ilikuwa ni ngazi. Wengine watakwambia nunua ile mifuko isiyopitisha hewa, ni mizuri sana kwa dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani, ila panya anaitoboa kama kiroba kingine, na ikishatobolewa hata dumuzi anarudi.

Katikati ya haya yote mtoto wa mzee alikuja na wazo lake, kutega waya wa breki ya baiskeli kwenye njia za porini ili anase panya buku na nguruwe pori wanaochimba mihogo. Aliutega kweli. Ukanasa mbuzi mchanga wa watu, kwa bahati akakutwa mzima. Kitanzi cha waya hakichagui na hakikatiki, mnyama anakaa anajinyonga taratibu siku nzima, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haina utani na mtu anayekutwa na nyaya porini, hata ajitetee vipi kwamba alikuwa analinda mihogo. Mzee mwenyewe akauchana ule waya vipande. Kwa nguruwe pori wanalala shambani zamu na kupiga madebe, inachosha lakini ndo iliyopo.

Suala la kuokota mizoga nalo lilikuwa linafanywa hovyo, kwa mikono mitupu, watoto ndo wanatumwa. Panya ana viroboto, na kiroboto mwenyeji wake akipoa anatafuta mwingine. Lushoto watu walisumbuliwa na tauni miaka mingi kuanzia 1980, na kwenye maeneo ya namna hiyo unapulizia dawa ya viroboto kwanza ndo unaua panya, ukianza na panya umewafungulia viroboto waje kwa watu. Kilosa haikuwa na habari hiyo lakini mkojo wa panya peke yake una homa zake, na yale maji ya ndoo ya asubuhi ni mkojo mtupu, mtu ana kidonda mguuni anamwaga yanamrukia. Wakakubaliana: mfuko wa nailoni mkononi, mizoga inafukiwa kirefu mbwa wasifukue, maji yanamwagwa mbali na kisima. Kijana wa Mtwara yeye anaokota wa mitego ya mwanzi tu kwa ajili ya kula, wa ndoo hawagusi, anasema wamelowa hawana ladha. Kila mtu na vigezo vyake.

Hali ilivyo sasa, kwenye masika wale majirani watatu wanaanza kutega wiki mbili kabla ya kupanda, bila kusubiri mbegu zifukuliwe. Vuli ndo bado ugomvi, kwasababu mwezi wa 10 na 11 ndo panya wanajaa hata mwaka wa kawaida, na mwenye lile shamba lililolazwa anataka msimu huo apaache kabisa majani yakue alishie ng'ombe. Anawaambia ukanda wa kumi ni mkubwa, watosheke na hatua tano. Mzee anakomaa na kumi. Mwenyekiti wa kitongoji ameitisha kikao, na mwenye zile kuku zilizokufa amealikwa kama shahidi, hatujui wa nini.